Umeme ulikatika katikati ya Sholay, banda zima likaimalizia kwa mdomo. Nileteeni orodha inayoshinda hiyo

Ngosha wa Mabatini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mvua imeshika tangu saa tisa, ziwa halionekani, boda hawapandi mlima, nimekwama kibarazani na simu yenye chaji ya kutosha. Kwa hiyo mtanivumilia, uzi ni mrefu.

Kisa ni hiki. Kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, jamaa mmoja aliyehamia Ulaya katupia orodha ya muvi 100 bora za nyakati zote. Ni ile ya jarida la Waingereza, Sight and Sound, wanayoitoa kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Ya karibuni ni ya 2022. Chini akaandika: "Ambaye hajaona hata kumi humu asituambie habari za sinema." Nikavaa miwani nikahesabu. Nimeona tatu. The Godfather, ile ya kauboi ya Sergio Leone ambayo jamaa anapuliza harmonika badala ya kuongea, na Get Out, hii nilionyeshwa na mpwa wangu. Namba moja ni muvi ya Mbelgiji, mama anamenya viazi kwa zaidi ya saa tatu. Nikatafuta Sholay, ile ya Kihindi. Haimo. Nikatafuta Enter the Dragon. Haimo. Commando sikuitafuta, nina aibu zangu.

Sasa niwarudishe 1993. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na jioni nilikaa mlangoni kwenye banda la video la mjomba, huku huku Mabatini, nikikusanya kiingilio. Shilingi ishirini. Ukuta magunia, paa bati, mabenchi mbao za mtumbwi uliostaafu, ukikaa vibaya kaptula inanasa msumari. Deki ilikuwa moja na tuliilea kama mgonjwa. Picha ikianza kutoa chenga, mjomba anafungua kifuniko, mimi namulika tochi, anafuta hedi kwa pamba yenye spiriti, anapuliza, anafunika. Watu wanangoja kimya kama wako wodini.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Sholay. Kanda yenyewe ilishanakiliwa hadi nyekundu imekuwa rangi ya tofali na sauti inakoroma. Tafsiri hakuna. Kihindi hakuna anayekijua. Wengine walikuwa wanaiona mara ya saba. Tukafika pale darajani: wamerusha sarafu kuamua nani abaki, Amitabh kabaki peke yake, kajeruhiwa, mwenzake kaenda kuleta risasi. Giza. Umeme umekwenda.

Mjomba akaanza kupapasa koroboi ili arudishe hela za watu. Hakuna aliyesimama. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo fundi baiskeli wa pale njiapanda, akasema kama anayejisemea, "Hapo sasa risasi zinahesabika." Mwingine akadakia, "Kuna ile baruti darajani." Wakaendelea. Mmoja anafanya milio ya bunduki kwa ulimi, mwingine anaimba ule muziki wa harmonika, mama muuza karanga akasahihisha kutoka mlangoni kwamba mwenzake anarudi daraja likiwa limeshalipuka, siyo kabla. Wakafika pale jamaa anapoitazama ile sarafu na kukuta pande zote mbili ziko sawa, kwamba miaka yote rafiki yake alikuwa anamchezea rafu ili hatari ajitwishe mwenyewe. Banda likanyamaza. Gizani. Kwa picha ambayo haikuwepo.

Umeme ulirudi saa nne. Mjomba akauliza arudishe kanda pale tulipoishia. Wakamwambia aweke nyingine, hiyo wameshaiona.

Kwangu mimi muvi isiyochuja ndiyo hiyo. Ile ambayo umeme ukikatika inaendelea. Wachambuzi wa India wenyewe Sholay ilipotoka Agosti 1975 waliiponda, na siku za mwanzo ukumbi ulikuwa umepwaya. Filmfare, jarida lao la sinema, waliipa tuzo moja tu, ya uhariri. Kisha ikakaa ukumbi wa Minerva pale Bombay zaidi ya miaka mitano. Mwaka 2005 hao hao Filmfare wakaitangaza filamu bora ya miaka hamsini. Kwa hiyo walihitaji miaka thelathini kujua alichokijua fundi baiskeli.

Nimemaliza. Povu ruksa.

Nakaa Hapa Kwanza

Siti ya mbele nimeshika. Nimeagiza sato wa kuchoma na ndimu mbili. Endeleeni.

Laibrari ya Buzuruga

Mkuu umenigusa kazini. Nina laibrari ya muvi jirani na stendi ya Buzuruga, watu wanaleta flashi najaza. Diski zangu zimejaa tangu Pasaka, kila ikiingia mpya lazima kitu kifutwe. Hapo ndipo orodha yangu mimi inapopatikana. Ijumaa usiku nafunga nusu mlango, napanga mafaili kwa tarehe ya mwisho kufunguliwa, yaliyolala miezi sita yanakwenda. Mwaka jana nilifuta muvi zenye Oscar kibao bila huruma, hakuna aliyewahi kuziulizia.

Halafu kuna folda nimeliita USIGUSE. Humo Sholay imo. Commando ya 1985 imo, usione aibu mkuu, watu wazima wenye vitambi wanaiomba kwa kunong'ona. The Gods Must Be Crazy, Sarafina!, Bruce Lee zote. Na za Kanumba nyingi tu. Wanaomba Kanumba akina mama, na vijana ambao alipofariki Aprili 2012 walikuwa hawajaanza shule. Hao vijana ndio wananishangaza. Hawana kumbukumbu naye yoyote, na bado wanamtaka. Mmoja alinijibu, "Bibi akiiona anatulia."

Ila niseme linalokera. Nikikuuliza unataka ipi, mara nyingi jibu ni "niwekee kali yoyote". Kwa hiyo mimi ndiye ninayechagua. Nikiamua Sholay isionekane mtaani kwetu mwaka mzima, haitaonekana.

Mtu wa Hesabu

@Laibrari ya Buzuruga basi wewe ni mchambuzi, umekosa jarida tu.

Nisimame upande wa orodha kidogo maana mnaipiga mawe bila kujua inavyopikwa. Kila mchambuzi anaombwa ataje muvi kumi. Basi. Hapangi ya kwanza wala ya kumi. Mwisho wanahesabu ipi imetajwa na wengi. Mwaka 2012 walipiga kura 846. Vertigo ya Hitchcock ikaongoza kwa kura 191, Citizen Kane ikafuata na 157. Chukueni kikokotoo: hata robo ya waliopiga kura hawakuitaja hiyo namba moja. Kwenye kijiwe chochote pale Makoroboi, hoja iliyoungwa mkono na mtu mmoja kati ya wanne imeshindwa. Magazeti ndiyo yanayoandika "filamu bora duniani".

Na tazameni namba moja zilivyopokezana. 1952 ilikuwa Bicycle Thieves ya Italia, wakati huo ina miaka minne tu tangu itoke. 1962 mpaka 2002 Citizen Kane, mara tano mfululizo. 2012 Vertigo, ambayo ilipotoka 1958 wengi waliona Hitchcock kachemka. 2022 Jeanne Dielman. Muvi zenyewe hazikubadilika hata fremu moja. Waliobadilika ni walioulizwa: safari ya mwisho walipanua mlango wakafika zaidi ya 1,600. Ndiyo maana matokeo yakapinduka. Na siku hiyo hiyo waongozaji wa filamu walipopiga kura yao pembeni, wao wakachagua 2001: A Space Odyssey. Sasa nani mwongo?

Lakini mleta uzi nawe usituuzie kwamba umma unachagua peke yake, kama dagaa wanavyojaa kwenye taa ya karabai. Hao dagaa kuna mtu kawasha taa. Kuna muvi ya Marekani ya 1946, It's a Wonderful Life. Ilipotoka hela haikurudi. Mwaka 1974 wenye hakimiliki wakachelewa kuihuisha, vituo vya televisheni vikaona pa kujazia muda bure, vikawa vinairusha kila Krismasi. Watoto wakakua nayo. Leo Wamarekani wanaiona kama sehemu ya sikukuu. Iliokolewa na karani aliyesahau fomu. The Shawshank Redemption ya 1994 vilevile: kwenye kumbi ilikufa, kanda na televisheni zikaifufua, na tangu 2008 ndiyo namba moja kwa kura za watazamaji kwenye tovuti ya IMDb.

Steringi Hafi

Mtu wa Hesabu unaongea kama unafungua kikao cha vikoba.

Mimi swali langu moja. Ile kanuni yetu, steringi hafi. Sholay steringi anakufa. Mlikubali vipi 1993?

Ngosha wa Mabatini

Hatukukubali. Kila ilipoonyeshwa kulikuwa na mtu anadai safari hii atapona. Na kesi ilikuwa moja kila siku, nani hasa ndiye steringi, Amitabh au yule mwenzake, Dharmendra. Waliosema Dharmendra walilala usingizi mzuri.

Nyongeza: mwisho tuliouona sisi siyo aliotaka mwongozaji. Ramesh Sippy alipiga picha yule mzee asiye na mikono akimmaliza Gabbar, yule jambazi mkuu, kwa miguu, bodi ya udhibiti ikamlazimisha alete polisi. Kwa hiyo hata huo ukamilifu tunaouapia una kiraka cha serikali.

Bibie wa Nyegezi

Kaka Ngosha, shikamoo kama umenizidi. Hiyo ya "mama anamenya viazi", umeiona au umehadithiwa?

Ngosha wa Mabatini

Marahaba. Nimehadithiwa.

Bibie wa Nyegezi

Nilijua.

Mimi niliiona kwa simu, siku tatu, hosteli, napakua kipande kwa kipande usiku bando likiwa nafuu. Inaitwa Jeanne Dielman, kisha inafuata anwani ndefu ya nyumba huko Brussels. Aliyeitengeneza, Chantal Akerman, alikuwa kwenye miaka ishirini na tano. Na sikilizeni hili wazee wa Sholay: ni ya 1975, mwaka uleule wa Sholay, na urefu ni karibu sawa, zote zinapita saa tatu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Sholay ni ndefu.

Mama mjane, ana kijana mmoja anayesoma. Kamera imesimama, haimfuati, haimsogelei. Anapika, anaosha vyombo, anatandika, anang'arisha viatu vya mtoto. Mchana anapokea mwanaume, analipwa, hela anaweka kwenye bakuli la mezani. Siku ya kwanza kila kitu kina mahali pake, ukishaizoea unaweza kumtangulia: sasa atazima taa, sasa atafunika. Siku ya pili viazi vinapitiliza jikoni. Basi. Viazi tu. Anatembea na sufuria nyumba nzima hajui aiweke wapi. Hapo nilisimamisha simu.

Mama yangu anaanika dagaa Kirumba, Mwaloni. Anawamwaga asubuhi, anawatandaza kwa mkono mmoja kama anayepaka mafuta, saa tano anawageuza, saa nane anafukuza ndege, jioni anakusanya. Siku aliyopigiwa simu kwamba kaka yake amefariki Ukerewe hakulia. Aliwaanika kama kawaida. Ila saa tano ikapita hakuwageuza. Mimi na mdogo wangu tukatazamana, ndivyo tulivyojua kuna kitu. Ile muvi imejengwa kwa kitu hicho. Sikuwa nimewahi kuona mtu anaweka kamera hapo na kungoja.

Sasa hoja yangu. Hiyo muvi haina DJ atakayeitafsiri. Hakuna atakayeiomba Buzuruga. Banda la mjomba wako wangerusha chupa. Bila hao wachambuzi kuing'ang'ania miaka arobaini na saba mimi ningeipatia wapi? Orodha hiyo hiyo ndiyo iliyonipa Touki Bouki ya Mambéty na La Noire de... ya Sembène, za Wasenegali hizo, zote zimo kwenye 100 za 2022. Mnasema orodha ya wazungu. Laibrari za Mwanza nimezunguka nikiulizia Sembène, wakaniuliza ni season ngapi.

Na tukiwa hapo hapo: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar yetu, Kiswahili chetu. Ilionyeshwa tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, jambo tulilokuwa tumelifanya mara moja tu kabla, 2001. Humu wangapi mmeiona? Msijibu wote kwa pamoja.

Steringi Hafi

Saa tatu na nusu steringi hana hata kisu?

Bibie wa Nyegezi

Ana mkasi. Vumilia ufike mwisho.

Steringi Hafi

Oya.

Nakaa Hapa Kwanza

Sato amepoa sijamgusa. Habari ya dagaa imenikaa.

Kutoka Bukoba

Wabeja sana wana Mwanza, na sisi wa kona ya pili ya ziwa tuseme. Mnabishana muvi ipi haichuji, lakini muvi yenyewe mnayoizungumzia ni ya nani? Huku kwetu tulikulia kanda zinazovuka Mutukula, VJ wa Uganda anaongea Kiganda juu ya Van Damme. Baadaye zikaja za Dar, enzi za Lufufu, leo DJ Mack na wenzake, na Wakenya wana DJ Afro wao. Hao hawatafsiri, wanatunga upya. Jamaa wa Hong Kong anakuwa mjomba wa mtu, anadaiwa kodi ya nyumba, adui anapewa kabila. Nilikuja kuiona moja baada ya miaka bila sauti ya DJ, nikasikitika. Ilikuwa muvi ya kawaida kabisa. Utamu wote ulikuwa wa mtu aliyekaa chumbani na maikrofoni na kikombe cha chai.

Huyo hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, si ya London, si ya Buzuruga. Mwekeni basi hata hapa.

Laibrari ya Buzuruga

Huyu kaongea kweli. Mteja akija hasemi jina la muvi. Anasema, "Una ya Mack ambayo sijaona?"

Mpita Njia Tu

Samahani wakubwa, nitaharibu shughuli. Mnachoita muvi isiyochuja ni ujana wenu. Mlikuwa na miaka kumi na mitatu, hakuna simu, hakuna intaneti, mjini kuna deki za kuhesabu, kanda ngapi zilikuwepo? Ishirini? Ukirudia kitu mara saba lazima ukiweze gizani. Hata tangazo la sabuni mngelimalizia kwa mdomo. Sisi tuna muvi elfu kwenye kiganja, hatuna nafasi ya kurudia. Tusilaumiwe.

Ngosha wa Mabatini

Mpita Njia, nimeisoma mara mbili hiyo. Hoja ya kanda chache siwezi kuikwepa. Mjomba alikuwa na kanda kama thelathini, na sita kati ya hizo zilikuwa za mieleka.

Lakini hizo nyingine nazo tulizirudia. Kuna moja ya ninja niliiona si chini ya mara kumi, kiingilio nilikuwa silipi. Leo nikumbuke hata jina la steringi? Kamba zilikuwepo, moshi ulikuwepo, basi. Kwa hiyo kurudia peke yake hakutoshi.

Halafu nilifanya jaribio, na nitalieleza kama lilivyotokea ingawa halinibebi vizuri. Nina kijana wa miaka kumi na minne. Likizo ya Juni nilimkalisha tukaangalia Sholay. Dakika ya arobaini akashika simu. Nikamwacha. Nyimbo zote alikuwa na simu. Hata Gabbar alipouliza walikuwa watu wangapi, mahali ambapo banda lilikuwa linajibu kwa sauti moja, yeye alikuwa anacheka na kitu kingine. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Ilipofika sarafu akainua macho, akauliza, "Kwani alikuwa anamdanganya tangu mwanzo? Kwa nini?" Nikamwambia atafute mwenyewe. Akairudisha nyuma mpaka kwenye sarafu ya kwanza. Zilizokuwa katikati akaziruka.

Sijui hiyo niihesabu ushindi au sare.

Mpita Njia Tu

Sare. Ya ugenini.

Mzee wa Igogo

Wanangu, mmezunguka India, Ubelgiji na Hong Kong, mmesahau kwamba muvi iliyosifiwa na wachambuzi kuliko zote zilizopigwa mji huu tunayo, na hakuna anayeitaja. Mapanki. Mwenyewe Hubert Sauper, Mwaustria, aliiita Darwin's Nightmare, 2004. Sangara wetu, ndege za mizigo uwanjani, watoto wa mtaani, mapanki yanakaangwa, mlinzi wa usiku na mishale yake. Ulaya wakaipa tuzo ya filamu bora ya hali halisi, Ufaransa wakaipa César, 2006 ikagombea Oscar. Mwaka huo huo Rais Kikwete akaikemea hadharani, na hapa mjini watu tukaandamana.

Nasema tukaandamana kwa sababu nilikuwemo. Nilibeba bango. Muvi sikuwa nimeiona. Na katika mstari niliokuwamo sikumfahamu hata mmoja aliyeiona, tulikuwa tumesikia tu kwamba tumetukanwa.

Nilikuja kuiona miaka kumi baadaye kwenye simu ya kijana wangu. Nilikasirika, ila mahali tofauti. Mimi nimekuzwa na panki. Kichwa cha sangara kikaangwe mpaka masikio yawe kama bisi, ugali wa muhogo, pilipili ya kusaga na chumvi, unakula unanyonya mfupa hadi usingizi. Yule bwana kapiga funza na moshi, utamu hakuuliza. Na habari ya silaha kwenye ndege anaining'iniza mwanzo hadi mwisho bila kuishika mkononi. Hilo ni kosa, nitalisema mbele ya yeyote mwenye kombe lake.

Lakini yule mlinzi. Nimelinda godauni miaka minne, najua mtu anavyoongea saa tisa usiku, polepole, anaacha nafasi katikati ya maneno asikilize nje. Pale hapakuwa na uongo hata punje. Niliirudia sehemu yake peke yake mara tatu.

Wachambuzi waliipima kwa macho ya mtu asiyewahi kula panki. Sisi tuliipima kwa bango. Wote tulikuwa na maksi kabla ya mtihani. Sasa Ngosha nakuuliza, kwa kipimo chako cha umeme kukatika, hii iko wapi? Hakuna anayeirudia. Lakini taja jina lake kijiweni Igogo, hata leo, miaka ishirini imepita, dakika tano nyingi kahawa imemwagika.

Laibrari ya Buzuruga

Sijawahi kuombwa hiyo, mzee. Kweli kabisa. Hata kwa kunong'ona.

Ngosha wa Mabatini

Mzee wangu shikamoo. Kipimo changu hakina mahali pa kuiweka hiyo. Nilikuwa na picha moja kichwani: watu wanaoipenda muvi mpaka wanaijua kwa moyo. Hii ni muvi ambayo watu wanaijua kwa hasira, na wengi hawajaiona. Umeme haukukatika, haukuwahi kuwashwa.

Binti Sengerema

Niongeze moja fupi, niko sokoni. Neria, ya Zimbabwe, yenye nyimbo za Oliver Mtukudzi. Mjane, shemeji anakomba kila kitu mpaka kitabu cha benki. Kwetu ilionyeshwa enzi hizo, wanawake wakaiona mara moja tu, wengi hawakuwahi kuirudia. Mjomba alipofariki, ndugu wa kiume wakaja kuhesabu ng'ombe kabla hata ya arobaini. Shangazi akasimama mlangoni na panga la kukatia mihogo akasema neno moja: "Mimi ni Neria." Waliorudi nyuma wa kwanza walikuwa wale waliokuwa wameiona.

Sijui mnaipa namba ngapi.

Steringi Hafi

Wakuu hapo mimi sina utani.

Mtu wa Hesabu

Na mimi sina hesabu.

Mpita Njia Tu

Neria naitafuta leo. Buzuruga unayo?

Laibrari ya Buzuruga

Ninayo, USIGUSE, tangu nifungue. Mama yangu ndiye aliyeniambia nisije nikaifuta. Leta flashi, na tafadhali isiwe na virusi kama ya wiki iliyopita, nani sijui, anajijua.

Bibie wa Nyegezi, na wewe niletee hiyo ya viazi. Nitaiweka.

Bibie wa Nyegezi

Folda gani?

Laibrari ya Buzuruga

La kawaida. Ijumaa ni Ijumaa, dada. Miezi sita ikilala bila kufunguliwa inakwenda, hata kama ni namba moja ya Uingereza.

Bibie wa Nyegezi

Sawa. Nitapita dukani kwako kila tarehe moja, naifungua dakika tano, naifunga, naondoka zangu.